Dakika Hamsini hadi Lima

Kutoka Njombe hadi Lima ni kilomita elfu kumi na mbili na mia moja. Ndege ya kawaida, ile yenye adabu zake, huchukua saa kumi na tatu na nusu: unakula mara mbili, unalala ukimdondoshea mate jirani usiyemjua, unaamka unamwomba radhi, unachungulia dirishani na bado mko baharini. Ndege ya mkunjo ilichukua dakika hamsini. Ukipanda na andazi la moto mkononi, unashuka Lima bado lina uvuguvugu.

Watu hawakuuliza zile saa nyingine zilikwenda wapi. Mtu akifika mapema huwa haulizi.

Tulalumba Mligo alijua zilikokwenda. Zilikwenda kwenye kiti kilichokuwa hatua mbili kutoka alipokaa yeye, katika chumba cha chini ya uwanja wa ndege wa Njombe, chenye ukuta wa kijivu, hita moja mbovu na saa tatu za ukutani zilizokuwa hazikubaliani. Jioni ile alikuwa na orodha ya abiria mapajani. Alilisoma jina la kwanza, akarudia, akarudia tena, kama mtu anayenusa mchuzi kabla ya kula.

Siti ya kwanza kushoto: Mhandisi Osmund Tawete.

"Dada Tula," redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa Lutego, yule anayekagua tiketi mlangoni. "Bosi kapanda. Kavaa suti ya kijani, utadhani parachichi linakwenda kujiuza lenyewe. Nimemkalisha siti ya kwanza kushoto kama ulivyosema. Kafurahi huyo! Anasema leo ndiyo kaheshimiwa."

"Mpe na mto," Tula akasema. "Safari ndefu."

"Ndefu wapi, dakika hamsini?"

"Kwake itakuwa ndefu kidogo."

Lutego akacheka. Kila mtu alicheka Tula akisema neno. Hilo ndilo lililomrahisishia kazi miezi minane yote ile. Ukishapewa jina la mcheshi, unaweza kusema ukweli mchana kweupe, watu wakakupigia makofi na kukuomba urudie.

*

Mkunjo wenyewe haukuwa uchawi, ingawa bibi yake Tula alishikilia mpaka mwisho kwamba ni uchawi, tena wa Wazungu waliofilisika. Mtambo uliikunja anga kati ya miji miwili kama unavyokunja shuka, pembe kwa pembe, ndege ikapita kwenye mshono. Umbali ulikubali kukunjwa. Muda ulikataa. Saa zilizookolewa zilibaki zikining'inia, na ilikuwa lazima ziingie kwenye mwili wa mtu ndege inapofika mdomo wa mkunjo. Zisipopata mwili, ndege ingeingia na isitoke upande wa pili.

Mhandisi Tawete, aliyeubuni mtambo huo, aliwaelimisha wananchi kwenye runinga kwa kukamua taulo lililolowa. "Maji hayapotei, ndugu zangu," alisema huku akitabasamu. "Tunachohitaji ni ndoo tu."

Ndoo ilikuwa mtu. Waliwaita wakaliaji. Kila ndege ilikuwa na mkaliaji wake mmoja: anaketi kitini, anachomwa sindano ya usingizi, anawekewa dripu ili mwili usipate njaa wala kiu, na ndege inapofika mdomoni mzigo wote unamtua kwa pumzi moja. Karatasi waliyotia saini ilisema saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kama kulala mchana mmoja ukasahau kuamka. Nani hana mchana mmoja wa kupoteza? Nusu ya vijana wa Njombe walipanga foleni, wengine na mablanketi yao.

Tumsifu, pacha wake Tula, alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni hiyo. Aliketi mara mia mbili. Siku walipozaliwa alimtangulia Tula kwa dakika ishirini. Siku alipokufa alikuwa amemtangulia kwa miaka arobaini.

Kijana wa miaka ishirini na mitano, mgongo umepinda, meno manne, watoto wa jirani wanamwamkia "shikamoo babu" na yeye anaitikia kwa sababu hana nguvu za kubishana. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mtaani waliona mengi, kila mtu na lake.

Msiba ukaja, na watani wakaja. Wangoni na Wabena walichapana zamani za mababu, na tangu walipochoka kuchapana ni watani: Mngoni akifika msibani kwa Mbena anaweza kulala kaburini akagoma kutoka, anaweza kuwaambia waliaji kwamba wanalia vibaya waanze upya, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeuaibisha ukoo. Tawete, Mngoni wa Songea, alikuja na gari na viatu vinavyong'aa. Akaliomba koti la marehemu, akalivaa, akapinda mgongo, akakohoa, akalizunguka jeneza na fimbo akitetemeka magoti.

"Wabena bwana!" alipaza sauti. "Mtu kazaliwa juzi, kaliona jembe, kaona heri azeeke!"

Watu walivunjika mbavu. Mama yake Tula alicheka machozi yakimtoka, na hapakuwa na wa kusema yapi ni ya nini. Tula naye alicheka, maana ndivyo inavyotakiwa, na kicheko kile kikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakikutoka tena.

Wiki iliyofuata aliomba kazi kwenye chumba cha chini, apate kupaona mahali kaka yake alipokuwa akiketi. Wakampa mkasi. Kazi yake, walimwambia, ni kumpunguza mkaliaji nywele na kucha kabla hajaamka. Usafi tu. Siku ya kwanza alipunguza kucha za binti mmoja, zikajaa kiganjani. Akazitazama. Kucha za saa kumi na mbili hazijai kiganjani.

Hesabu haikuhitaji chuo kikuu. Ndege ilibeba abiria mia na arobaini. Mtambo haukukamua saa za ndege, ulikamua saa za kila mtu aliyemo ndani. Saa kumi na mbili na dakika arobaini mara mia na arobaini ni siku sabini na nne. Kila safari. Na Tawete alijua, kwa sababu mtu asiyejua kitu haajiri kinyozi.

Tula alizitia kucha kwenye bahasha akazipeleka kwa mkuu wa kiwanja. Mkuu akazitazama, akashusha pumzi, akaahidi kulifanyia kazi. Wakamfanyia kazi kweli: wakampandisha cheo. Kuanzia Jumatatu yake alikuwa msimamizi wa chumba, mwenye funguo, sindano na swichi.

Hapo ndipo alipoacha kulalamika, akaanza kungoja. Tawete mwenyewe hakuwahi kupanda mkunjo. Alikuwa akisafiri kwa ndege za kawaida, kisingizio chake mgongo. Lakini leo Lima walikuwa wamemwandalia tuzo, asubuhi ya kwao, jioni ya Njombe, na kabla ya tuzo alikuwa na mkutano Makambako ambao hakuweza kuukwepa. Njia ya kuwahi ilikuwa moja tu.

*

Sekunda Mwinuka aliingia akipuliza viganja. Alikuwa mbebaji wa kreti kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi, mwenye mabega ya mtu anayenyanyua tani bila kuomba msaada, na leo ilikuwa zamu yake kitini.

"Mdogo wangu, baridi ya leo inataka kunioa," alisema. "Nimeiambia nina mume, haisikii."

"Iulize kama ina ng'ombe."

"Ina ukungu tu, kama wanaume wa huku." Sekunda akacheka, akaketi, akavua kilemba. "Hebu niangalie hapa. Mvi, unaziona? Miaka ishirini na tisa! Mume wangu kaanza kuniita bibi. Nikamwambia kwetu tunawahi, na wewe ungewahi kuezeka tungekuwa sawa."

Tula aliziona. Alikuwa akiziona tangu zilipokuwa tatu. Alifunga mkanda wa kiti, akainama zaidi kuliko mkanda ulivyohitaji.

"Leo hakuna sindano," alisema. "Wala dripu. Pumzika tu."

"Wamebadilisha dawa?"

"Wamebadilisha mambo mengi."

Alimhitaji kitini kwa sababu moja: mtambo haukuwaka bila uzito wa mtu pale. Ukishawaka, mzigo ulikwenda swichi ilikoelekea, na swichi ilikuwa na maneno matatu. Kushoto KITI. Katikati WOTE. Kulia MMOJA. WOTE haikuwahi kuguswa, kwa sababu abiria aliyenunua dakika hamsini hataki kuzihisi saa kumi na tatu. MMOJA ilitumika siku za majaribio tu, ikapeleka mzigo wote siti ya kwanza kushoto, walipokuwa wamempandisha mbuzi, siti nyingine zote zikiwa zimejaa watu. Mbuzi alipanda mnene akitafuna karatasi ya tiketi. Alishuka Lima akiwa pembe na ngozi. Siku sabini na nne bila tone la maji.

Mbuzi alishasahaulika, na Tula ana wiki moja tu kazini, Tawete alipokumbuka kuagiza nyaya za MMOJA zikatwe. Aliagiza kwa mdomo, akipita koridoni, akimwambia yeyote aliyekuwa karibu na mwenye mkasi.

Ngurumo ikapita juu ya dari. Ndege imeondoka. Dakika kumi na mbili mpaka mdomo wa mkunjo.

*

Kulikuwa na desturi, Tawete mwenyewe ndiye aliyeianzisha ili kuwatuliza abiria waoga: kabla ya mkunjo, chumba cha chini kilituma salamu. Tula ndiye aliyezifanya salamu hizo zipendwe. Kuna waliosema walipanda kwa ajili yake.

Akavuta maikrofoni.

"Haya, wasafiri wangu, mpo? Hapa ni Tula, wa chini kabisa, chini hata ya mishahara." Kicheko kikarudi kwenye spika, sauti za watu mia na arobaini. "Nimesikia leo mna kitu cha thamani siti ya mbele. Mtani wangu, Mngoni halisi, kutoka kwa wale waliokuja toka kusini wakifuata ng'ombe wa watu, wakasahau njia ya kurudi."

Makofi. Mtu akapiga mluzi.

"Nipo, Mbena!" Sauti ya Tawete ilikuwa ya mtu aliyeshiba. "Umemaliza kumenya viazi?"

"Nimemaliza. Sasa nakumenya wewe. Mtani, hiyo siti umeipenda?"

"Nzuri mno. Naona bawa lote."

"Mbuzi naye alilipenda hilo bawa."

Ndani ya ndege wakaangua kicheko, hata wasiojua mbuzi gani. Tula akawaeleza. Aliwaeleza taratibu, kwa madoido, jinsi alivyopanda mnene na jinsi alivyoshuka. Akawaambia siku sabini na nne. Akawaambia bila maji. "Na leo, wapendwa, kwa heshima zote, nampeleka mtani wangu Lima kwa njia ya mbuzi. Wale wa tuzo watafute kabati la vioo."

Tawete alicheka pamoja nao, kisha kicheko chake peke yake kikakatika.

"Nyaya zile nilisema zikatwe."

"Ulisema, mtani. Ulimwambia nani?"

Jibu lilikuja kwa sauti iliyopungua kilo kadhaa: "Wewe."

Ndege nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Kapteni," Tawete akasema, "zima spika. Mpigie mkuu wa kiwanja. Huyu mwanamke hatanii."

"Mhandisi!" Kapteni alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Utani ukikufuata hewani utakimbilia wapi? Vumilia, baba."

"Jamani, ataniua!"

"Na akuue, Mngoni we!" mama mmoja akadakia, na makofi yakafuata.

Tula alikiangalia kipimo. Dakika tano. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa raha, raha chafu, ile ya kukuna kidonda. Alikuwa ameiwaza saa hii kila asubuhi akipiga mswaki. Mtu huyu alijificha ndani ya utani akacheza juu ya jeneza. Sasa utani ulikuwa umemfungia mlango kwa nje.

"Nitakuachia, mtani, ukisema neno moja," alisema. "Waambie hao wenzako. Kwenye kiti huku chini zinaingia saa ngapi?"

"Tula..."

"Dakika nne na nusu."

"Siku sabini na nne." Alisema haraka, kama anayetema. "Kila safari. Nilijua. Tangu siku ya mbuzi nilijua. Na kaka yako nilijua, nilipokuja kumzika nilikuwa najua! Umesikia? Nimesema! Nimesema mbele ya watu!"

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mngoni kapigishwa magoti!" na wote wakalipuka upya, wakigonga viti, wakimtaka aseme tena ile ya kuzika. "Huyu mhandisi kakosea kazi," mwingine alisema akifuta machozi. "Angekuwa kwenye vichekesho."

Mashahidi mia na arobaini, na hapakuwa na shahidi hata mmoja. Tula hakuwa na hakika kama angemwachia kweli hata wangeamini. Sasa hakuhitaji kujua. Alizima maikrofoni, akaweka kidole juu ya swichi, upande wa kulia.

"Siku sabini na nne?"

Sauti ilitoka nyuma yake.

*

Alikuwa amemsahau. Miezi minane alikuwa akiwaweka watu usingizini kitini pale, kiasi kwamba macho yaliyo wazi kwenye kile kiti hayakumwingia akilini.

Sekunda hakuwa amesogea. Alikuwa akiutazama mgongo wa Tula kama anavyotazama kreti lililoandikwa uzito wa uongo.

"Mimi nimeketi mara ngapi?"

Tula hakuhitaji kufungua daftari. "Thelathini na moja."

Midomo ya Sekunda ikacheza, akipiga hesabu. Alikuwa mwepesi wa hesabu, kiwandani walimtegemea. "Miaka sita."

"Na miezi mitatu."

"Umejua lini?"

"Wiki yangu ya kwanza."

"Na hizo sindano nilichomwa na nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Isipokuwa mbili. Nilikuwa na mafua."

Ilikuwa ni jibu la kweli, na lilitoka likiwa na umbo la mzaha, na kwa mara ya kwanza maishani Tula alimsikia mtu asicheke.

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Nilikuwa nikimngoja apande." Alionyesha darini kwa kidevu. "Ningesema, wangenifukuza, wangekata nyaya, asingepanda kamwe. Kaka yangu, Sekunda. Alikufa akiwa babu. Huyu alivaa koti lake akacheza. Nilikuwa nangoja tu."

"Ulikuwa unangoja," Sekunda alisema, "kwa mwili wangu."

Alifungua mkanda. Taa nyekundu ya uzito ikaanza kumeta, na Tula akasimama. "Kaa! Kiti kikiwa kitupu dakika nzima mtambo unazima, na ndege ikifika mdomoni..."

"Basi kaa wewe."

Alimshika kifundo cha mkono. Hakukaza. Mkono uliozoea kreti hauna haja ya kukaza. "Umalize, umuue huyo wa juu. Sina kesi naye kubwa kuliko yako. Ila niambie kitu kimoja. Akishakufa, zamu yangu kwako ni lini?"

Kwenye spika Tawete alikuwa akiomba. "Tula! Tula mwanangu!" na mama yule alikuwa akimjibu, "Leo kawa mwanao!" Kidole cha Tula cha mkono wa pili kilikuwa bado juu ya swichi. Kuisukuma upande wa kulia ni kazi ndogo kuliko kuua mbu. Angeweza. Sekunda asingewahi.

Aliutazama mkono uliomshika. Mishipa ilikuwa imetokeza juu, ngozi kati ya vidole imelegea, na pale karibu na kidole gumba palikuwa na doa la kahawia. Mkono wa Tumsifu ulikuwa hivi katikati ya miaka yake ya kuketi, alipokuwa bado anasema ni baridi tu. Sindano zilizoufikisha pale hazikuwa za Tawete. Tawete hakuwahi kushika sindano.

Akaondoa kidole. Akaketi.

Taa ikatulia. Alijifunga mkanda mwenyewe. Sekunda alikuwa amesimama mbele ya swichi, akiisoma.

"Dakika moja na nusu," Tula alisema. "Kulia ni yeye. Atakufa kwa kiu. Kushoto ni hapa nilipo."

"Bila dripu."

"Bila dripu."

"Utakufa."

"Ndiyo."

"Na katikati?"

"Kila mtu anabeba zake. Saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa pumzi moja. Njaa, kiu, haja. Kuna wazee wanne ndani, nimeona kwenye orodha. Wagonjwa hawakuandikwa, ila wapo wasiosema. Hawajakukosea kitu."

"Walipanda wakafika mapema, wakala andazi," Sekunda alisema. "Hawakuuliza."

Alisukuma swichi kulia. Tula alisikia mlio wake. Akaiacha hapo kwa muda, akisikiliza Tawete akilia na watu wakimshangilia. Halafu akageuka, akamtazama Tula machoni, na bila kuyaondoa macho akairudisha kushoto, mpaka mwisho.

Tula alifumba macho. Alidhani atamwona Tumsifu. Alichokiona ni kucha kiganjani.

Mtambo ukavuta pumzi. Mlio wa swichi ukasikika tena, mmoja, mfupi.

Hakuna kilichomtua. Alingoja kiu, haikuja. Alipofumbua macho swichi ilikuwa katikati.

Kwenye spika kicheko kilikatika kama kilichofungwa bomba. Ndege ikanguruma kwa sauti ya watu waliozeeka nusu siku kwa mpigo: wanalia maji, wanataka chakula, simu zimekufa mikononi, mama anayenyonyesha kifua kimejaa kinavuja, na wote mia na arobaini wamebanwa kwa wakati mmoja katika ndege yenye vyoo viwili. Vyoo viwili havikutosha. Ikawa ndivyo ilivyokuwa.

Na kati ya kelele hizo sauti ya kwanza yenye akili ikapanda, ya mama yuleyule. "Ngojeni. Ngojeni jamani. Hizi ni zangu peke yangu? Na zako? Na zako wewe? Zote hizi alikuwa akibebeshwa mtu mmoja? Alikuwa anasema kweli. Huyu baba hakuwa anatania. Huyu baba alisema kweli!"

"Ndugu zangu," Tawete alianza, na hakufika mbali.

*

"Mbona hukuniua?" Tula aliuliza.

"Nani kakwambia nimemaliza?"

Sekunda alivuta stuli akaiweka kati ya kiti na mlango, akaketi. Redio ya mkononi ilikuwa ikipiga kelele mezani: Lutego, dada Tula kuna nini huko, Kapteni kapagawa, mkuu wa kiwanja na polisi wanashuka ngazi. Sekunda akaizima.

"Watakuja na daftari," alisema. "Safari hii wataandika, maana wenye tiketi wameumia. Watakuuliza nani kafanywa nini. Utaanza na kaka yako."

"Ndiyo."

"Hutaanza naye."

Tula akanyanyua kichwa.

"Utaanza na mimi. Utasema jina, utasema mara thelathini na moja, utasema mkono uliochoma ulikuwa wa nani. Kisha kila uliyemlaza hapo ukijua, mmoja mmoja, kwa jina na la babaye. Kaka yako atakuwa wa mwisho. Ukimfikia, wawe wamechoka kuandika."

"Sekunda. Dada yangu. Yote haya nimeyafanya kwa ajili yake."

"Najua. Ndiyo maana."

Hatua zilikuwa zikishuka ngazi, viatu vizito, vya watu watatu au wanne. Sekunda alifunga kilemba chake upya, mvi zote ndani, akakaa wima.

Mlango ukafunguliwa. Afisa aliyeingia mbele alitazama swichi, akamtazama mwanamke aliyefungwa mkanda kwenye kiti.

"Nani msimamizi hapa? Nini kimetokea?"

Jina la Tumsifu lilikuwa mdomoni tayari. Lilikuwa limekaa hapo miezi minane likingoja mtu mwenye daftari. Tula akalimeza, likashuka likimkwaruza mpaka chini.

"Andika," alisema. "Wa kwanza ni Sekunda Mwinuka."